Maji ya Ubao

Kabla sijakusimulia lililotokea, rafiki yangu, sina budi kukuwekea wazi hali ilivyokuwa, kwa maana bila hali hiyo tukio lenyewe litaonekana dogo, nalo kwetu halikuwa dogo. Tuliishi Sparkbrook, mtaa wa Birmingham, katika nyumba nyembamba iliyobanwa katikati ya nyingine zilizofanana nayo, nyuma kidogo ya Ladypool Road, mahali ambapo asubuhi hutangazwa na kishindo cha milango ya chuma ya maduka inapopandishwa, na harufu ya giligilani mbichi huwahi dirishani kabla ya jua. Ndani tulikuwa watatu. Mama alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Zamu yake ilianza kabla ya mapambazuko na kumrudisha adhuhuri akiwa hana nguvu hata ya kuvua viatu. Bibi, mzaa mama, alikuwa amekuja kutoka Unguja kumsaidia mwanawe kunilea, akaja na kanga zake, mbuzi yake ya kukunia nazi, na yakini isiyotikisika juu ya kila jambo. Baba alikuwa amebaki kule akisubiri viza. Mimi nilikuwa na umri wa miaka tisa, na sikuwa nikienda shule.

Sikuwa nikienda kwa sababu ya tahajia. Niliandika Kiingereza kama kinavyosikika katika sikio lililolelewa na Kiswahili: kila sauti na herufi yake, kila herufi na kazi yake. Neno la kisu niliandika “naif”. Jumatano niliiandika “wensdei”. Kila Ijumaa mwalimu wa darasa alituandikisha maneno, kisha akayasoma matokeo kwa sauti kuanzia wa kwanza, na darasa zima lilijifunza kusubiri jina la mwisho kwa kicheko kilichokwisha kuandaliwa. Nikaanza kutapika asubuhi za Ijumaa. Baadaye nikatapika na Alhamisi. Hatimaye ikawa nikipewa penseli vidole vyangu haviishiki. Mama aliiarifu shule kwamba angenifundisha mwenyewe nyumbani, jambo ambalo sheria ya nchi ile inaliruhusu.

Lakini sheria hiyo hiyo inaipa kaunsili, yaani halmashauri ya mji, haki ya kuuliza kama mtoto aliyeondolewa shule anapata elimu inayomfaa. Isiporidhika, humrudisha. Hilo ndilo lililoning’inia juu ya vichwa vyetu tangu siku ya kwanza: siku moja angekuja mtu kutazama mwandiko wangu, na asiporidhika nao ningerudi katika darasa lile. Mama hakuitaja kwa jina. Alisema tu “ile siku”, na kila aliposema hivyo aliminya ncha ya mtandio wake kama mtu anayekamua nguo.

Mama hakunipa maneno ya kukariri. “Mtoto hafundishwi kuogelea kwa majina ya samaki,” alisema, na kwa kuwa alikuwa amechoka sana, alisema mambo machache na kuyasimamia. Niliandika kile ambacho nyumba ilikihitaji. Niliandika vya kununua dukani kwa Mpakistani wa kona. Niliandika maelezo ya mashine ya kufulia, ambayo bibi aliiogopa. Niliandika namna ya kupika mkate wa kumimina, bibi akinitajia kwa Kiswahili nami nikiuhamishia katika Kiingereza: usiku mmoja mchele ulowe, tui liwe zito, hamira isizidi, iliki itwangwe na si kununuliwa imesagwa. Niliandika majina ya viungo kwa ajili ya mikebe. Niliandika ujumbe wa kumpelekea jirani. Mama, kabla ya kwenda kazini, aliniachia karatasi yenye maneno ya siku yakiwa yamenyooka, na aliporudi alinisahihisha akiwa ameegemea jokofu, macho yakifumba na kufumbuka.

Kati ya asubuhi na adhuhuri nilikuwa mikononi mwa bibi, na bibi alikuwa na njia yake. Utotoni alisoma chuoni, chuo cha Kurani, ambako kila mtoto alikuwa na ubao wa mti na wino wa masizi. Somo liliandikwa ubaoni, likasomwa mpaka likakaa, kisha ubao ukaoshwa kulipisha somo jingine. Na kwa heshima ya maneno, maji yale hayakumwagwa ovyo. Bibi hakuona sababu ya Kiingereza kufundishwa kwa adabu pungufu. Mama alinunua Stratford Road ubao mdogo mweupe na kalamu ya wino unaofutika, na bibi akautia katika sheria zake. Kosa halikupigwa mstari. Neno zima liliondolewa kwa kitambaa chenye maji nikaanza upya. Bibi hakujua kusoma Kiingereza, hivyo alilinganisha neno langu na la mama umbo kwa umbo, kidole kimoja hapa na kingine kule, kama mtu anayepima vitambaa viwili asije akadhulumiwa.

“Limekaa?” aliniuliza.

“Limekaa, Bibi.”

“Funga macho unitajie.”

Nilimtajia herufi kwa Kiingereza, naye akazisikiliza kwa makini ya mtu anayesikiliza mvua.

“Haya, lioshe. Lililokaa moyoni halina haja ya ubao.”

Maji yale tuliyapeleka mlango wa nyuma, tukayamwaga taratibu kwenye chungu cha nanaa. “Herufi ni herufi,” alisema bibi, “hata za Wazungu nazo zina mwenyewe.” Nami nakwambia kwa uzito wote, rafiki yangu, njia ile ilifaa. Vidole vilianza kuishika kalamu, kwa kuwa kosa langu halikuishi muda wa kutosha kuchekwa. Lilikuwapo, kisha kitambaa kikapita, kisha halikuwapo.

Jirani yetu wa ukutani alikuwa mama wa Kikongo kutoka Bukavu, mlokole, aliyewahi kuwa mwalimu wa watoto wadogo huko kwao. Nyimbo zake za sala zilipenya ukuta saa tunayotia sufuria motoni, na harufu ya sombe yake, kisamvu cha kwao, ilipenya pia. Alikuja kunisomea sentensi niziandike, zoezi aliloliita dikte, na baada ya dikte alikaa kunywa chai na kubishana na bibi. Walielewana vizuri, ila kila mmoja aliamini kwamba mwenzake ndiye aliyekiharibu Kiswahili.

Siku moja alimwona bibi akibeba bakuli la maji kuelekea nyuma.

“Mama mukubwa,” alisema, “hii maji unamwaga ni masomo ya mutoto. Ile siku mutu wa serikali atakuja, utamuonyesha nini? Hii majani?” Akaunyooshea kidole mche wa nanaa.

“Nitamwonesha mtoto,” alijibu bibi. “Si ndiye anayemjia? Au anakuja kutazama taka?”

“Bale batu banapendaka karatasi. Kwetu ku masomo tulikuwa tunachunga yote mu farde, yenye makosa na yenye haina.” Farde ni neno lao la jalada, aliliumba kwa mikono hewani ili bibi alione.

“Kwenu ni kwenu, mwanangu. Kwetu kosa halitundikwi ukutani likasalimiane na wageni.”

Jirani alicheka mpaka akaishika meza. “Basi makosa ya kwenu inakufaka bila mazishi!”

Bibi naye alicheka, na maji akayamwaga. Mama, aliyekuwa mlangoni akivua koti la kazi, hakucheka. Nilimwona akiutazama ubao ulivyong’aa, mweupe, bila alama ya mtu yeyote kuwahi kujifunza chochote juu yake, na nikaona hofu ikimpanda usoni polepole.

Tangu siku hiyo jiko letu likageuka. Mama alinitaka, baada ya ubao, niandike pia kwenye karatasi, na karatasi hizo akazibandika zote. Mkebe wa mdalasini ulipata kibandiko cha neno lililokosewa, chini yake kingine kilichokosewa kidogo, chini yake kilichonyooka. Milango ya makabati ilijaa vya kununua, mlango wa jokofu ukajaa jumbe, na juu ya sinki ulining’inia mkate wa kumimina pamoja na makosa yake yote, yaliyosahihishwa kwa wino mwekundu. Kila kipande mama alikitia tarehe. Ungeweza kuanza mlangoni na kutembea mpaka dirishani ukinitazama ninavyopona. Adhuhuri, chai ikimpoa mkononi, mama aliutazama ukuta ule kwa namna ambayo watu wengine hutazama mtoto aliyelala baada ya homa.

“Hii ndiyo hoja niliyo nayo,” alimwambia jirani. “Sina nyingine.”

Bibi alipita mbele ya makaratasi yale akigeuza uso, kama mtu apitaye mbele ya nguo za ndani zilizoanikwa barazani. Alivumilia kwa ajili ya mwanawe, lakini si kimya. “Mungu mwenyewe anapenda sitara,” alisema huku akipepeta mchele. Mama akamjibu kwa methali ambayo bibi ndiye aliyemfundisha: “Mficha uchi hazai, mama.” Bibi akapepeta kwa nguvu zaidi. Yalionekana kuwa maneno ya jikoni tu, ya watu wawili wanaopendana na wasiokuwa na nafasi ya kukwepana.

Mwisho wa baridi, kaunsili iliarifu kwamba afisa wake angekuja. Mama aliomba kubadilishiwa zamu. Msimamizi wake akakataa, maana walikuwa wachache. Angewahi kurudi kidogo tu kabla ya saa ya mgeni. Usiku wa kuamkia siku ile hakula. Alfajiri, akiwa amekwisha kuvaa koti, alisimama mlangoni na kusema, “Mama, nisafishie ukumbi tu. Ukumbi peke yake.”

“Wewe nenda kazini kwako,” alijibu bibi. “Mgeni wako ni mgeni wangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.”

Bibi aliniogesha, akanisuka, akanivika gauni la Idi, akaniamuru nikae juu nisije nikajichafua. Nilikaa kitandani nikizisikia sauti za nyumba inayosubiri mgeni: mafagio, maji, samani zikiburutwa. Harufu ya katlesi ilipanda, kisha ya sambusa, kisha ya chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi. Ikafuata sauti ambayo sikuitambua, ya kisu kikikwaruza bati, ndefu na yenye subira. Nje gari la taka lilipita likiguna, likasimama, likaondoka.

Afisa alikuwa mwanamke mstaarabu wa makamo. Alifika sekunde chache nyuma ya mama, hata wakaingia pamoja mlangoni wakicheka kwa adabu juu ya mvua, naye akavua viatu bila kuambiwa. Nilishuka, nikasalimu, na bibi akanionesha kwa jicho kwamba yatosha, niondoke. Mtoto hakai wageni wanapozungumza. Afisa alisema angependa nikae. Mama alitafsiri. Bibi alitabasamu, akaniwekea mto chini pembeni, akammiminia mgeni chai, akamjazia sahani, na alipoimaliza akamjazia tena.

“Basi,” mama alisema kwa Kiingereza, na sauti yake ilikuwa na wepesi ambao sikuwa nimeusikia tangu tuanze, “yaliyo mengi yapo jikoni. Twende nikuoneshe.”

Jiko lilikuwa safi kuliko siku zote za maisha yetu. Milango ya makabati iling’aa. Jokofu liling’aa. Mikebe ilikuwa imepangwa kwa urefu, imekwaruzwa, imepigwa sabuni na kukaushwa, bati tupu. Ukuta juu ya sinki ulikuwa ukuta. Harufu ilikuwa ya limau.

Mama alikwenda mlango wa nyuma, akatoka mvuani na soksi, akafunua pipa la taka, akachungulia, akaingiza mkono mpaka begani, ukatoka mtupu. Kisha akarudi, maji yakimchuruzika, akasimama katikati ya jiko. Afisa alimwangalia, akaangalia ukuta, akasubiri kwa upole, na ule upole ulikuwa mbaya kuliko ukali.

“Yalikuwa hapa,” mama alisema. “Yote yalikuwa hapa.”

“Naelewa,” alisema afisa, ingawa hangeweza kuelewa. “Pengine mtoto aniandikie kitu sasa. Chochote. Kitu cha nyumbani.”

Niliketishwa mezani na ubao wangu. Nilitaka kuandika namna tunavyomwomba jirani aturudishie sufuria. Vidole vilishika. Neno la kwanza lilitoka, la pili likatoka, na katika la tatu nilikosea herufi. Nililiona mwenyewe, na nilikuwa tayari kulirekebisha. Kabla sijawahi, mkono wa bibi ulipita juu ya bega langu na kitambaa chenye maji, na sentensi yote ikaondoka.

“Mwache tafadhali,” alisema afisa. “Nataka kuona.”

Bibi hakukijua Kiingereza. Aliona tu mgeni amesema jambo, akamtabasamia, akanigusa shavu nianze tena. Nikaanza. Nikakosea pale pale. Kitambaa kikapita.

“Mama, acha!”

Mama hakuwa amewahi kumpazia bibi sauti, wala mbele ya mgeni wala mbele ya ukuta. Bibi alibaki na kitambaa hewani, kikitona juu ya meza. Afisa aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ningeweza kuendelea nikipenda, nami nikaitazama kalamu mkononi, nikavitazama vidole vyangu, navyo havikuwa vyangu tena.

Jirani, aliyetusikia kupitia ukuta, alikuja akikimbia na ndara akiwa na jumbe nilizowahi kumwandikia. Alikuwa amezitunza zote, kama alivyotunza kila karatasi maishani mwake. Afisa alizisoma moja baada ya nyingine. Lakini bibi hakuwahi kuruhusu litoke nyumbani kwetu jambo lisilonyooka, na mama ndiye aliyenifundisha kuandika herufi, hata mwandiko wangu ulikuwa pacha wa wake.

“Hazina kosa hata moja,” alisema afisa. Hakusema kwa kusifu. Akamtazama mama. “Ni za mtoto?”

“Ni za mtoto,” alisema mama.

“Ni zake, madame, naapa mbele ya Mungu,” alisema jirani.

Afisa alizirudisha mezani kwa uangalifu. Alisema kwamba haoni nyumba isiyo na mapenzi, tena alisema kwa moyo, nadhani. Ila yeye anaweza kuandika tu kile alichokiona. Bibi alimfungia sambusa zilizobaki katika karatasi ya bati, akamsindikiza mpaka mlangoni, akasimama akimpungia mkono hadi alipopinda kona. Aliporudi, uso wake ulikuwa umetulia, uso wa mtu aliyempokea mgeni kama inavyotakiwa.

“Amefurahi?” aliuliza.

Mama alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye jokofu, soksi zake zikichora maji juu ya vigae. “Alikuja kutazama makosa, mama,” alisema. “Alikuja kuona yalivyokuwa yakipungua.”

“Ni mtu gani huyo,” alisema bibi, na nakuapia alikuwa akiuliza kwa dhati, “anayefunga safari katika mvua kuja kutazama makosa ya watu?”

Mama alifunika uso kwa mikono miwili, na mabega yakaanza kumcheza. Bibi alichuchumaa kwa shida ya magoti yake, akajaribu kuivuta mikono ile kutoka usoni, akashindwa, akabaki amechuchumaa hivyo hivyo mbele ya mwanawe, akiangalia kuta zake safi moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta kilichopungua. Jirani alifungua bomba, akaanza kuosha vikombe.

Mwezi uliopita nilipita mtaani kwetu. Mlango umepakwa rangi nyingine, na dirisha la jiko limetiwa pazia la plastiki. Duka la kona sasa linauza simu. Jirani alihamia Shard End kwa mwanawe, na ukuta ule, kama bado unapitisha nyimbo, unapitisha za watu nisiowajua. Bibi alirudi Unguja mwaka uliofuata, na huko ndiko alikozikwa. Nimewauliza wenzangu waliokulia Birmingham kama kuna aliyewahi kuona bakuli la maji ya somo likibebwa kwa mikono miwili kupelekwa kwenye mche. Wananitazama, kisha wananijibu kwa Kiingereza. Nadhani ilikuwa elimu ya kweli, na ilipita katika nyumba ile kama maji yanavyopita katika udongo, pasina kumwachia mtu yeyote cha kuonesha. Sijui iko wapi sasa. Najua tu kwamba mtu mmoja aliyeifahamu alinipenda, na kwamba mwingine aliyenipenda vile vile alilia kwa ajili yake sakafuni.

Amri ya kaunsili ilifika kabla ya Pasaka. Muhula ulipofunguliwa, mama alinishika mkono mpaka kwenye lango la shule ile ile, nami nikaingia.